Utepe Haujui Adabu

Miaka ishirini na mitatu nashona hapa Kadutu,
cherehani mlangoni, mgongo nimeupa ngazi,
na viuno vya mtaa huu navijua
kuliko padri anavyozijua dhambi zao.

Vyote vimo kwenye daftari.
Nsimire, mwaka alioolewa: sitini na nane.
Nsimire, ubatizo wa mtoto wa tatu: themanini na moja.
Nsimire, Noeli iliyopita: mia na sita.
Akanishika mkono, "Dada Cibalonza, andika tisini,
kitambaa kitajua chenyewe."
Kitambaa hakikujua. Kilipasuka kanisani,
wakati wa matoleo.

Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka sana.

Maana njaa tuliijua.
Mwaka ule wa kukimbia, sufuria kichwani,
blauzi yangu moja niliipunguza mara mbili
kwa uzi wa gunia.
Aliyerudi amekonda, macho ya watu yalimuuliza ana nini.
Basi nyama zilipokuja tulizipokea kama mgeni wa heshima:
mgeni, keti; mgeni, ongeza bugali;
mgeni, sombe hii bado haijaona mawese.
"Umenona, dada!"
Ilikuwa salamu, ilikuwa pongezi,
ilikuwa namna yetu ya kusema vita vimekwisha.

Nani amwambie mgeni kama huyo, nenda?

Mwezi wa saba muuguzi Solange alikuja mbio,
utepe wake umekatika.
Nikamuazima wangu, nikamfuata hadi kituo cha afya,
nikidhani ni sare za kwaya.
Kumbe akina mama kwenye benchi, wa arobaini, wa hamsini,
viatu pembeni, wananong'ona.
Hakupima bega. Hakupima kifua.
Alizungusha utepe tumboni tu:
"Toa pumzi. Usilibane, hapa hakuna mchumba."
Kisha mkono kwenye mashine ya presha,
kisha kidole: tone moja, jekundu kama kifungo.

"Mafuta ya tumbo hayalali," alisema.
"Yanalisumbua ini, yanausumbua moyo.
Sukari inabisha hodi, mwili haufungui,
inazurura kwenye damu kama mlevi aliyefungiwa nje.
Na wewe huumwi. Hapo ndipo ubaya ulipo. Huumwi."

Ukipita themanini, akasema, tuongee.
Zamu yangu: mia na nne.
Presha kumi na sita.
Kwa utepe wangu mwenyewe, jamani,
ule ambao sijawahi kuubishia!
Nikalifungua daftari usiku, nikatafuta jina langu.
Halimo.
Miaka yote najishonea magauni ya kumwagika,
ya lastiki. Na lastiki ni rafiki mwongo,
inakukubalia kila kitu.

Nikaitazama miguu yangu juu ya kanyagio:
imekanyaga toka asubuhi hadi giza,
miaka ishirini na mitatu,
na haijavuka mtaro.

Sasa nateremka hadi Nyawera kununua uzi, kwa miguu,
na kurudi, kwa miguu, mlima wote.
Vijana wa pikipiki wananiita kwa jina, wanafikiri nimefilisika.
Mume wangu anaona aibu: watasema halishi mke.
Sambaza nachemsha na nyanya, lengalenga zimejaa sahani,
bugali imesogea pembeni kama mtu aliyegombezwa.
Chai, kijiko kimoja.
Jumapili, viwili. Sitaki kudanganya.

Nimetia uzi mwekundu kwenye utepe, pale themanini.
Anayekuja kupimwa huuona, hunyamaza kidogo,
wengine huuliza.
Kupunguza nguo si kama kuongeza;
kwanza ufumue, na kufumua kunauma macho.

Jana Nsimire amepanda ngazi, anahema,
jasho puani, kitenge kipya kwapani.
Nikamzungushia. Nikasubiri anishike mkono.
Hakunishika.
"Ngapi?"
Mia na tatu.
"Andika mia na tatu," akasema,
akakaa kwenye kiti cha wateja
akivua kiatu kimoja, kilichombana.